Sauti yangu niliiuza kangomba

Najua nimepotea, msinipige mawe. Wiki mbili hizi zilikuwa za asaimenti tatu na prezentesheni moja ambayo wenzangu wawili wa grupu waliikimbia, nikabaki naihangaikia peke yangu kama mtoto wa kambo. Leo nimerudi, na nimerudi na jambo ambalo nimelibeba tangu likizo ya mwaka wa kwanza. Lisipotoka leo halitoki tena.

Juzi usiku hosteli ulizuka ubishi. Mshikaji mmoja wa chumba cha pili, mtu wa Kanda ya Ziwa, alikuwa anamsifia mbunge wao. Eti kila Bunge likiahirishwa yuko jimboni, misiba yote anafika, timu zote za vijana kazivalisha jezi. Mwingine akamjibu kwamba huyo ni mbunge wa rambirambi, wa kwao ndo mbunge, maana akisimama bungeni mawaziri wanaanza kupekua makaratasi. Ubishi ukapanda mpaka majirani wakagonga ukuta. Mwisho wakanigeukia mimi: "Na wa kwenu je?"

Nikasema nina usingizi.

Wanaonijua wanajua kwamba penye ubishi wa siasa mimi silali. Nililala kwa sababu mbunge wangu alishanipa elfu hamsini.

Jimbo silitaji. Niseme tu ni kusini, kwenye mikorosho, na wa kwetu mkihisi mmejua basi kaeni nalo. Ilikuwa Agosti. Bunge la bajeti huwa linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, kwa hiyo Julai na Agosti ndipo watu wa majimboni tunapowaona waheshimiwa kwa macho. Mimi nilikuwa sina nauli ya kurudi Dodoma, na kutoka kwetu mpaka hapa ni kama kilomita elfu moja, siyo safari ya kuomba lifti. Bumu, kama mnavyolijua, hutoka ukishafika, halikufuati kijijini. Mjomba akasema twende kwa Mheshimiwa.

Alinigongea saa kumi na moja alfajiri. Alisema tukichelewa benchi linajaa, nikadhani anatania. Tulifika kwenye ofisi ya mbunge pale wilayani saa kumi na mbili na nusu tukakuta watu kumi na tisa chini ya mwembe. Akinamama wawili walikuwa wamelala pale pale barazani, kwa sababu kijijini kwao gari ni moja kwa siku na linafika jioni.

Katibu wa mbunge ni kijana mpole sana, na hili nalisema kwa haki. Alikuwa na kaunta buku kubwa ya kwaya mbili, kaipiga mistari kwa rula: namba, jina, kijiji, shida, kiasi. Nilikaa karibu na meza yake, na kama mjuavyo mwanafunzi hawezi kuona karatasi asiisome hata ikiwa imegeuzwa juu chini. Ile safu ya shida ilikuwa na neno moja moja. Ada. Matibabu. Msiba. Nauli. Matibabu. Bati. Salfa. Salfa. Jezi. Ada. Salfa.

Kwa wale wa mikoa isiyo na korosho: salfa ni ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho inapochanua. Usipopuliza, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua, na hapo umeshapoteza mwaka mzima, huna la kungoja. Siku hizi kuna salfa ya ruzuku, inagawiwa kwa wakulima walioandikishwa.

Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja, kofia mkononi. Katibu akamwamkia, "Shikamoo mzee, karibu. Una shida gani?"

"Marahaba mwanangu. Jina langu limeruka."

Akaeleza. Mwaka uliotangulia alikuwemo kwenye orodha, mwaka huo hayumo. Alipokwenda kuuliza ofisi ya kwanza akaambiwa aende ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza, na huko njiani maua ya mikorosho hayamsubiri mtu. Katibu alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye safu ya shida: salfa. Kwenye safu ya kiasi: 20,000. Hela ambayo haifiki hata mfuko mmoja.

Mzee alishukuru sana, alishukuru mpaka nikaona haya. Lakini jina lake lilikuwa bado limeruka. Asubuhi ile pale kwenye benchi nilihesabu watu saba wenye kisa hicho hicho, majina yaliyoruka, kutoka vijiji vitatu tofauti. Kila mmoja aliandikwa "salfa" na kuondoka na chochote. Hakuna mahali kwenye lile daftari palipoandikwa kwamba watu saba wa jimbo hili wameondolewa kwenye orodha na hakuna ofisi inayokiri kuwaondoa.

Saa tano ikafika zamu yetu. Mheshimiwa alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, na ni kweli alikuwa hajalala. Usiku alikuwa kwenye msiba kata ya mbali. Kesho yake ana baraza la madiwani, maana mbunge wa jimbo kisheria ni mjumbe wa baraza kwenye halmashauri yake, kitu ambacho wengi wetu hatukijui. Ijumaa baada ya swala ana fainali ya kombe alilolianzisha mwenyewe, Jumamosi harusi mbili, Jumapili harambee ya kanisa. Tulikaa naye dakika kama nane, na simu yake iliita mara tatu, zote za kuomba hela, unajua kwa jinsi alivyokuwa anajibu, "Sawa mama, sawa, nitamwambia Katibu."

Akanipa elfu hamsini. Akasema, "Soma mwanangu. Ukifika Dodoma usinisahau." Mjomba akamwombea dua. Mimi nikacheka, nikasema nitakusahauje Mheshimiwa.

Nisimwonee. Ile nauli ilinifikisha chuoni, na huyu ninayeandika hapa ni matunda yake kwa kiasi fulani. Tena anayedhani kazi ya mbunge jimboni ni raha akakae pale chini ya mwembe asubuhi moja tu, awatazame watu usoni, kisha aje kuniambia yeye angemfukuza nani.

Haya, sasa njooni Dodoma.

Bunge la bajeti lililofuata, Katibu alinipigia kwamba Mheshimiwa anawaalika wanafunzi wa jimboni wanaosoma hapa, tuje kama wageni wake. Tulikuwa sita. Tukapiga pasi, tukapanda daladala, tukakaguliwa getini, na saa tatu asubuhi tuko juu jukwaani tunawatazama waheshimiwa wanavyoingia. Kwanza dua. Kisha maswali.

Mbunge haamki tu akauliza. Swali la msingi linapelekwa mapema kwa maandishi, linapangiwa siku, linajibiwa na waziri au naibu wake, halafu muulizaji anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Hayo ya nyongeza ndiyo yenye mchezo, kwa sababu naibu waziri hajayaona. Siku ya Alhamisi kuna ya Waziri Mkuu, utaratibu ulioanza miaka ya 2000 wakati Marehemu Samuel Sitta ni Spika, na hayo ni ya papo kwa papo. Halafu kwenye bajeti, wizara inapofika Kamati ya Matumizi, mbunge anaweza kusimama kwenye kifungu cha mshahara wa waziri na kusema asipopata maelezo anaishika shilingi. Mtu akishika shilingi ukumbi mzima unaamka, hata waliokuwa wanachati kwenye simu.

Wetu alikuwa na swali siku ile. Barabara. Alilisoma vizuri, sauti nzito. Naibu waziri akajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Yale mawili ya nyongeza: la kwanza aliuliza Serikali haioni umuhimu wa kuharakisha, la pili akaishukuru Serikali na kuuliza naibu waziri yuko tayari kufuatana naye jimboni. Naibu waziri akasema yuko tayari. Ikaisha. Dakika nne kama sikosei.

Baadaye Spika akasoma wageni, akatufikia: wageni wa Mheshimiwa fulani, wanafunzi sita kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Tukasimama, tukapungia mkono, meza zikapigwa. Jamani nisiwadanganye, ilikuwa tamu.

Lakini mimi nilikuja na langu. Bajeti ya Kilimo ilikuwa inakuja mbele, na nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikaikunja mfukoni: majina yaliyoruka. Nilitaka kumwomba Mheshimiwa aulize wizara ni nani anayefuta jina la mkulima kwenye orodha, na aliyefutwa analalamika wapi kabla maua hayajaanguka. Nilikuwa nimeipanga kama swali la msingi na nyongeza zake mbili, nilijiona kama katibu wa Bunge mwenyewe.

Tulipotoka nje kupiga picha, nikamsogelea. Kabla sijafungua mdomo akaniona, akanikumbuka, akacheka: "Vipi kijana wangu, bumu limetoka, au nikuongezee nauli?"

Wote wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Karatasi ikarudi nayo hosteli.

Kwetu kuna kitu kinaitwa kangomba. Mfanyabiashara anapita vijijini kabla ya msimu, anakukuta umebanwa, mtoto anaumwa au ada inatakiwa, anakupa hela leo kwa korosho ambazo utamlipa zikikomaa, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Serikali imelipiga marufuku miaka na miaka na bado lipo, kwa sababu shida haisubiri mnada. Ukiitazama bei unaona umeibiwa. Lakini bei siyo inayouma zaidi. Kinachouma ni siku ya mnada, wenzako wamesimama ghalani wanabishana bei, wanaikataa ndogo, wanapiga kelele, na wewe umekaa nyumbani. Huna cha kubishania. Korosho zako zina mwenyewe.

Ndivyo nilivyokuwa pale kwenye uwanja wa Bunge, na ndivyo nilivyokuwa juzi usiku kwenye ule ubishi.

Sasa hebu tupige hesabu, sisi si ndio wasomi. Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha sheria ya Bodi ya Mikopo, makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara. Mkopo lazima ulipwe, sibishani na hilo, wanaotufuata nao wanataka kusoma. Lakini tuseme umemaliza, umepata kazi ya laki saba: asilimia 15 ni 105,000. Kila mwezi. Kuna siku mle ndani Spika aliuliza wanaoafiki waseme ndiyo, wakasema ndiyo, akatangaza walioafiki wameshinda, na sauti ile ya sekunde chache ina uzito kwenye mshahara wangu wa mwezi mmoja kuliko elfu hamsini mbili. Hakuna mtu aliyekuja kunipa pole. Wala hatukumwalika mtu yeyote hosteli aje atueleze alisema nini siku ile. Na kujua ni kazi, maana kura ya namna hiyo ni ya sauti: ukienda kwenye Hansard unakuta tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Nani alisema ndiyo na nani alinyamaza, hapajaandikwa. Njia iliyobaki ni kumwuliza mwenyewe.

Au tuje kwenye korosho. Zamani kwenye ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 65 ilikuwa inarudi kuendeleza zao lenyewe, na humo ndimo mlikuwa mnatoka mambo ya pembejeo. Juni 2018, kwenye sheria ya fedha, ikapendekezwa fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele siku zile, tena kelele za kweli, redioni nyumbani tuliwasikia na mjomba akawa anapiga magoti yake kwa kiganja kama yuko mpirani. Walishindwa. Sheria ikapita.

Mimi siwalaumu kwa kushindwa, hesabu za mle ndani zilikuwa zinajulikana. Ila wadau, oneni ukubwa wa kitu kilichoamuliwa kwenye ukumbi ule, kisha oneni yule mzee na kofia yake mkononi na elfu ishirini yake. Ni jambo lile lile moja. Salfa iliyoandikwa kwenye kaunta buku pale chini ya mwembe na salfa iliyojadiliwa Dodoma ni salfa moja. Aliyeikatia njia mbili ni sisi, tukaziita kazi mbili: huku "anatusaidia", kule "anatuwakilisha". Halafu tunakesha hosteli kubishana mbunge wa ipi ni bora.

Katiba haina ubishi huu. Ibara ya 63 inasema Bunge litaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inataja kazi kwa majina: kumwuliza waziri swali lolote juu ya mambo ya umma, kujadili utendaji wa kila wizara wakati wa bajeti, mipango, sheria, mikataba. Jeneza halimo. Jezi hazimo. Wala sisemi mbunge asizike watu wake, sisi ni binadamu na kwetu asiyefika msibani hana ndugu. Nasema hakuna aliyemtuma kuwa benki.

Nchi hii tulishawahi hata kulihalalisha jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, mgombea akaruhusiwa kutoa "takrima", ukarimu wa jadi eti. Mashirika matatu ya kutetea haki na sheria yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikavitupa vile vifungu kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Ikaja na sheria ya gharama za uchaguzi mwaka 2010. Vizuri. Lakini hizo zote zinamtazama mgombea na uchaguzi wake. Lile benchi chini ya mwembe lipo miaka mitano yote, na hakuna anayeliita rushwa, hata mimi siliiti. Mtu anakupa hela yake mwenyewe, hajakuomba kitu, anakwambia soma. Utaliita nini?

Mwingine ataniambia kuna Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Upo, kwa sheria ya mwaka 2009, na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe. Umejenga madarasa, umeezeka zahanati, hilo nimeliona kwa macho. Ila mimi napata shida moja: aliyetumwa kumsimamia mwenye hela naye tena anakuwa mwenye hela. Siku hesabu za halmashauri zinapokaguliwa, yeye anakaa upande gani wa meza? Wakenya walitutangulia, mfuko wao ulianza mwaka 2003, na wamekuwa mahakamani nao kwa hoja hiyo hiyo: mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikaamua sheria yao ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu iliyoirithi. Na bado wananchi wengi kule wanaupenda, maana ndio unaosomesha watoto. Nawaelewa kabisa. Ukinikuta Agosti bila nauli na mimi nitaupenda.

Nimemweleza haya dada mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa sheria, akanikatisha: mama mwenye mtoto anaumwa usiku huu utamwambia asubiri kipindi cha maswali? Sikuwa na jibu la haraka, na sijioni kama ninalo hata sasa. Asubiri vipi? Mpe hela akatibiwe. Lakini siku hiyo hiyo, kwenye lile lile daftari, andika kwamba zahanati ya kijiji fulani haikuwa na dawa tarehe fulani. Ongeza safu moja tu. Baada ya "kiasi", weka "kwa nini". Katibu yule ana mwandiko mzuri, hatashindwa. Mwisho wa wiki ahesabu: salfa saba, sababu moja, vijiji vitatu. Hapo Mheshimiwa haendi Dodoma na "Serikali haioni umuhimu". Anakwenda na vijiji kwa majina na idadi ya watu, na swali la nyongeza ambalo naibu waziri hawezi kulitoroka kwa "kadiri fedha zitakavyopatikana", maana kurudisha jina la mtu kwenye orodha hakuhitaji fedha za nani.

Mnaona sasa kwa nini nasema wiki yake yote ni kazi moja? Kachoka kwa sababu anazibeba shida mia moja kama shida mia moja. Zikihesabiwa vizuri huenda ni kumi na mbili. Na anayejua kuhesabu ni nani, kama siyo sisi tuliosomeshwa takwimu semista mbili, ambao tukienda pale tunakwenda kuomba nauli?

Basi nimefanya kitu. Wiki iliyopita niliandika barua kwa Mheshimiwa, kurasa mbili, nimechapa pale steshenari ya nje ya geti. Mwanzo nimemshukuru kwa ile elfu hamsini na nimeitaja kwa tarakimu, nisije nikaonekana mwenye kuficha. Kisha nimeandika habari ya majina yaliyoruka kama nilivyoyasikia pale benchini, bila kumtaja mzee wa watu. Nikamwuliza mambo matatu: je, atalipeleka swali hilo wizarani kabla salfa ya mwaka huu haijagawiwa, je, daftari la Katibu wake linaweza kuongezwa ile safu, na sisi wanafunzi wa jimbo tulioko hapa Dodoma, ambao Bunge ni nauli ya daladala tu, tunaweza kupewa kazi ya kulihesabu kila mwezi, bure kabisa.

Jumamosi nilimpigia mjomba nimsomee kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kimya, nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Mpwa wangu, barua ni nzuri. Lakini ngoja kwanza. Mheshimiwa ametuahidi bati sitini za msikiti, zinakuja mwezi ujao. Ngoja bati zifike, halafu utaituma."

Nikamwambia sawa mjomba.

Leo asubuhi nilikuwa sina kipindi mpaka saa nane. Nikapanda daladala ya mjini nikaipeleka mwenyewe, mapokezi wakaigonga muhuri kwenye nakala yangu. Mjomba sijamwambia. Akijibu Mheshimiwa nitawaletea hapa hapa, na bati zisipofika nalo mtalisikia.